Koki Iliyobuniwa kwa Maji Yasiyokatika

Nyumba nyingi za Mpanda, Tanzania, zilizounganishwa na bomba la mamlaka ya maji zina koki moja ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka jiko lifurike. Hukaa jirani na mita, imefukiwa nusu kwa udongo, gurudumu lake limeshika kutu. Fundi bomba akiishika haizunguki. Akiilazimisha, inazunguka bila kikomo na maji yanaendelea kutoka kama hakuna kilichofanyika.

Ubovu huo una asili ya mbali. Mwanzoni mwa karne ya 19 hata miji mikubwa ya Uingereza ilipewa maji kwa zamu, saa chache kwa siku, na koki za wakati huo zilikuwa kizibo chenye tundu: robo mzunguko, maji yamefungwa. Mwaka 1831 mhandisi Thomas Hawksley alijenga mtambo wa Trent Bridge, Nottingham, uliojaza mabomba usiku na mchana kwa msukumo mkubwa. Koki za kizibo hazikuhimili. Zilivuja, na zikifungwa ghafla maji yaligonga mabomba hadi yakapasuka. Mwaka 1845 kampuni ya Guest and Chrimes ya Rotherham ikapata hataza ya koki ya skrubu, inayoshusha wosha taratibu juu ya mdomo wa maji. Wosha ilikuwa ya ngozi, baadaye ya mpira. Koki hiyo, pamoja na ile ya geti inayoshusha ulimi wa shaba ndani ya bomba, ilifaa miji ambayo maji hayakatiki.

Mpanda ilikua kwa sababu nyingine kabisa. Reli kutoka Kaliua, ya takriban kilomita 210, ilifika mwaka 1950 ili kusafirisha madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Kinaya ni kwamba risasi ndiyo iliyokuwa bomba la majumbani huko Ulaya kwa vizazi vingi, ilhali Mpanda iliyoichimba ilikuja kutegemea mabomba ya chuma na plastiki.

Baada ya Uhuru fedha za maji hazikwenda kwenye nyumba binafsi. Mpango wa miaka 20 ulioanza mwaka 1971 ulilenga kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, na maana yake ilikuwa visima na vilula. Kwa maoni yangu hapo ndipo ujuzi wa koki za ndani ulipochelewa: kilula kikiharibika kijiji kizima kinajua, lakini koki ya geti ukutani haina wa kuisemea.

Mji ukakua kuliko vyanzo vyake, vikiwemo Ikolongo na bwawa la Milala, na mgao ukawa jambo la kawaida. Maji yakirudi, hewa hutangulia, kisha mchanga, ambao hutuama katika kiti cha ulimi wa geti. Wenye nyumba nao huiacha koki nusu wazi kupunguza msukumo, na maji yanayopita kwa kasi pembezoni hula shaba. Koki ya geti ilitengenezwa iwe wazi kabisa au ifungwe kabisa.

Ikivuja shingoni ina dawa: kaza nati ya shingo kidogo, au toa kifungashio kilichokauka uweke kipya. Ya skrubu hubadilishwa wosha. Lakini ulimi ukikatika kwenye mhimili usipoteze fedha, ikate. Mafundi wengi sasa huweka bolvalvu, yenye tufe lililotobolewa linalobanwa na pete za Teflon, plastiki iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938 na kuingia katika koki miaka ya 1950. Haishikwi na kutu upesi, na hufungwa kwa robo mzunguko. Yaani tumerudi kwenye mtindo wa kabla ya 1845, pamoja na kasoro yake: ukiifunga kwa pupa bomba linagonga.

Kuibadilisha kunahitaji maji yafungwe juu yake, na koki iliyo kabla ya mita ni mali ya mamlaka. Mteja haruhusiwi kuigusa. Hapo mgao unafaa angalau mara moja: fundi hupangiwa siku ambayo mtaa hauna zamu, na simtanki lijazwe kabla.