Mwindaji Asiye na Jina

Wawindaji wa bonde la Zambezi walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, itokayo katika mmea wa shina gumu upandao miti. Katika safari ya Livingstone ya 1858 hadi 1864, daktari John Kirk aliionja bila kukusudia, mapigo ya moyo wake yakapungua. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh akapata humo dawa ya moyo. Vitabu vinawataja wawili hao, mwindaji hatajwi.

Ndugu msomaji, nasi wa Kishapu tunahusika. Vichaka vilivyofyekwa enzi za mkoloni kuwafukuza ndorobo vimechipua tena katika ngitili, malisho yetu ya akiba, hasa tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986. Wazee wazijuao dawa za humo wanapungua. Tuandike dawa, pamoja na jina la aliyetufundisha.