Siku Kihispania Kilizikwa

Kama ulisoma shule yenye disk, hii stori utaielewa haraka. Unanaswa ukiongea lugha ya mama, unavalishwa shingoni, unangoja mwenzako ateleze ndio umpatie. Jioni, wa mwisho kuwa nayo anachapwa. Mimi niliivaa darasa la nne kwa kuomba raba kwa Kikuyu. Raba tu!

Nilidhani hizo ni akili za mkoloni wetu peke yake. Kumbe. Huko Marfa, mji mdogo wa Texas karibu na mpaka wa Mexico, kulikuwa na Blackwell School, shule ya watoto wenye asili ya Mexico. Nyumbani Kihispania, shuleni Kiingereza ama kichapo. Mwaka wa 1954 wanafunzi waliandikishwa vikaratasi vya kuaga Kihispania, vikatiwa kwenye kisanduku cha sigara, kikazikwa karibu na mlingoti wa bendera. Mazishi kabisa. Halafu mtoto anarudi nyumbani, mamake anamsalimia kwa lugha iliyozikwa mchana.

Na si kwamba Kiingereza ni kibaya, mimi mwenyewe nakitumia kutafuta unga. Shida ni vile kilifunzwa. Kwa Kihispania, kama kwa Kiswahili, kitenzi kinajitosha: llueve, inanyesha. Kiingereza lazima kitangulize “it”. It gani sasa? Ndio maana mtu wa Kihispania anayejifunza husema “is raining”. Mwalimu akilinganisha hizo lugha mbili, dakika tano zimetosha. Lakini kama moja imepigwa marufuku darasani, utalinganisha na nini?

Kuna mwalimu mwingine kijana, Cotulla, hukohuko Texas, mwaka wa 1928. Aliwakataza watoto wa Kimexico kuongea Kihispania hata wakicheza uwanjani. Jina lake Lyndon Johnson. Januari 1968, akiwa rais wa Marekani, ndiye alitia saini sheria ya kwanza ya taifa ya kufadhili masomo ya lugha mbili. Siwezi kuiita toba, lakini saini ni yake.

Blackwell ilifungwa 1965. Mwaka wa 2007 wanafunzi wake wa zamani, wengine na mvi, walirudi pale pale na kufukua kamusi ya Kihispania. Mwaka wa 2022 shule ikatangazwa eneo la kihistoria la taifa.

Disk yetu sijui ilibaki na nani.