Kamera ndani ya gari la mashindano: Jinsi ya kunasa mbio za Bonde la Ufa

KWA mtazamaji aliyesimama kando ya njia huko Kedong au Soysambu, gari la mashindano huonekana kwa sekunde chache tu. Husikika ngurumo ya injini, gari hupita, na kinachobaki ni wingu la vumbi linalochukua muda mrefu kutua. Yanayotendeka ndani ya gari, jinsi dereva anavyokanyaga breki, anavyobadilisha gia na anavyomsikiliza mwelekezi wake, hayaonekani kabisa. Pengo hilo ndilo ambalo kamera ndogo za kufungwa garini zimekuja kuliziba.

Kamera hizo si mali ya mashirika ya televisheni pekee tena. Dereva wa kawaida wa klabu naye aweza kuwa na yake, akaifunga asubuhi na jioni akatazama kila kona aliyopita. Hata hivyo, kuwa na kamera ni jambo moja na kuitumia ipasavyo ni jambo jingine. Picha nyingi huharibika kwa sababu ambazo zingeweza kuzuiwa kabla ya injini kuwashwa. La kuhofisha zaidi, kamera iliyofungwa vibaya huweza kumjeruhi yule yule aliyeifunga.

Langa Langa na chimbuko la Safari

Eneo la Nakuru limejua mbio za magari kwa miongo mingi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wapenzi wa mchezo huo walishindana katika kiwanja cha Langa Langa, karibu na Gilgil. Jina hilo lingali hai: liko mjini Nakuru kama jina la mtaa, na limo katika Kiswahili, ambako magari ya kasi yanayoshindana kwa kuzunguka uwanja huitwa langalanga.

Kiwanja hicho ndicho kilichochochea, kwa njia ya kinyume, kuzaliwa kwa Safari Rally. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alipomtaka binamu yake, Neil Vincent, ashiriki mbio za Langa Langa, Vincent alikataa. Alisema kuzunguka njia ile ile kungemchosha, ila yangekuwapo mashindano ya kukata mbuga za Afrika kwenda na kurudi, yeye angekuwa tayari. Mwaka 1953 mashindano hayo yaliandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Tofauti aliyoiona Vincent ingali na maana kwa yeyote anayetaka kurekodi uendeshaji wake. Dereva wa uwanjani huipita kona moja mara nyingi kwa siku, hivyo kamera humwezesha kulinganisha mzunguko mmoja na mwingine. Dereva wa Safari huupita mkondo mmoja mara mbili kwa kawaida, na safari ya pili hukuta njia imekwisha chimbika. Kamera ikikosa kuwaka, hakuna nafasi ya kurudia.

Kamera zilivyoingia garini

Mwaka 1979 runinga ya Australia ilionyesha moja kwa moja picha kutoka ndani ya gari la Peter Williamson katika mbio za Bathurst. Vifaa vya wakati huo vilikuwa vikubwa na vizito, na ni mashirika yenye fedha tu yaliyoweza kuvimudu.

Mfano mwingine unamhusu dereva anayekumbukwa vyema nchini Kenya. Ari Vatanen wa Finland alishinda Safari Rally mwaka 1983 akiendesha Opel Ascona. Miaka mitano baadaye alipanda mlima Pikes Peak nchini Marekani kwa gari aina ya Peugeot 405, na filamu fupi ya safari hiyo, Climb Dance, ikawa maarufu kote ulimwenguni. Katika sehemu moja jua linampiga usoni, naye anainua mkono mmoja kukinga macho huku mwingine ukiendelea kushika usukani kando ya genge. Mtazamaji aliye nje ya gari asingeweza kuliona tendo hilo.

Mabadiliko makubwa yalikuja baadaye. Kampuni ya GoPro, iliyoanzishwa na Nick Woodman mwaka 2002, ilitoa kamera yake ya kwanza mwaka 2004. Ilitumia filamu na kufungwa kwenye kifundo cha mkono. Zilizofuata zikawa za kidijitali, na kamera inayoenea kiganjani ikaanza kutoa picha safi za video.

Safari Rally iliondolewa katika Mashindano ya Dunia, WRC, baada ya mwaka 2002, Colin McRae aliposhinda kwa Ford Focus. Iliporejea mwaka 2021, makao yake yalikuwa Naivasha, na kila mkondo ulipeperushwa moja kwa moja kupitia huduma ambayo WRC iliianzisha mwaka 2018. Mkenya aliyekuwa London au Muscat aliweza kuketi, kama ilivyokuwa, kati ya dereva na mwelekezi, akaiona njia ya Loldia au Elmenteita kama wao walivyoiona.

Mahali pa kuifunga

Mahali panapopendekezwa zaidi ni nyuma ya viti viwili vya mbele, katikati, kwenye fremu ya mabomba ya chuma inayowakinga waliomo gari linapobingirika. Kutoka hapo kamera huona njia, usukani, mikono ya dereva na daftari la mwelekezi. Kibanio cha chuma kinachokazwa kwa skrubu kwenye bomba hilo hakitikisiki kwa urahisi.

Vishikilio vya mpira vinavyong'ang'ania kioo kwa kufyonza hewa vinafaa kwa barabara laini. Kwenye njia za mawe za Bonde la Ufa haviaminiki, kwa kuwa punje chache za vumbi kati ya mpira na kioo zatosha kuingiza hewa, na joto la mchana huulegeza mpira. Anayelazimika kuvitumia hana budi kukisafisha kioo kwanza, kisha kuifunga kamera kwa kamba ya pili iliyo imara.

Kamba hiyo si pambo. Kamera yenye uzito wa gramu 150, gari likigonga kitu na kusimama ghafla kutoka kasi ya kilomita 100 kwa saa, huendelea mbele kwa kasi ile ile. Nguvu yake ni sawa na ya kamera hiyo ikiangushwa kutoka urefu wa mita 39, kimo cha jengo la orofa kumi na zaidi. Haifai kabisa kuielekeza njia hiyo kwenye kisogo cha mtu.

Kamera ya pili inaweza kutazama miguu ya dereva. Ile ya kufungwa nje, juu ya boneti au karibu na bampa, hutoa picha za kusisimua lakini huishia kupigwa na mawe na kufunikwa na tope.

Vumbi, joto na mtikisiko

Udongo wa eneo la Naivasha na Elmenteita ni wa asili ya volkeno. Katika kiangazi sehemu zake husagika zikawa unga mwepesi ambao magari huzama ndani yake, na unga huo ukipenya kwenye vichujio vya hewa huweza kuikaba injini. Kwa kamera, adui ni utando mwembamba unaotanda juu ya lenzi. Dawa yake ni brashi laini kwanza, kisha kitambaa safi. Anayeanza na kitambaa huisugua lenzi kwa mchanga.

Mvua nayo huja kwa ghafla. Njia ya unga hugeuka utelezi katika muda mfupi, na kioo cha mbele huingiwa na ukungu. Kamera iliyo nyuma ya viti hupungukiwa na uwezo wa kuona sawa na dereva, na picha hiyo yenye giza ni ushahidi wa haki wa hali aliyokabiliana nayo.

Joto ni tatizo la tatu. Nakuru na Naivasha ziko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, ambako hewa huwa na ubaridi lakini jua ni kali. Kamera iliyoachwa nyuma ya kioo gari likiwa limeegeshwa huweza kujizima kwa joto. Ni afadhali kuitia kivulini na kuiwasha dakika chache kabla ya kuanza.

Mtikisiko una suluhisho linalowashangaza wengi. Kamera za siku hizi zina uwezo wa kutuliza picha, lakini ndani ya gari uwezo huo mara nyingine huharibu. Kamera hujaribu kuituliza njia inayoonekana mbele, na matokeo yake dashibodi na usukani huonekana vikiyumba kama mashua. Kibanio kikiwa imara, madereva wengi huuzima.

Mipangilio na hesabu

Ndani ya gari mna giza na nje mna mwangaza mwingi. Kamera ikiachiwa ijiamulie yenyewe, huweza kuing'arisha dashibodi na kuifanya njia kuwa nyeupe tupu. Inafaa kuielekeza ipime mwanga wa njia. Picha 50 au 60 kwa sekunde zinatosha, na humwezesha mtazamaji kupunguza mwendo bila picha kukatika.

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Kamera inayohifadhi megabiti 100 kwa sekunde hutumia gigabaiti 45 kwa saa, kwa hivyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa baada ya dakika 85 hivi. Dereva atakayeiwasha asubuhi na kuiacha iendelee hata katika safari kati ya mkondo na mkondo, atakuta imejaa kabla ya adhuhuri.

Sauti husahauliwa na wengi. Maikrofoni ya kamera husikia injini na mawe tu. Anayetaka sauti ya mwelekezi huunganisha kamera kwa waya na mtambo wa mawasiliano wa kofia zao. Bila sauti hiyo, picha ya mbio za Safari hupoteza nusu ya maana yake.

Kanuni za mashindano

Katika WRC, dereva hawezi kujifungia kamera apendavyo. Anayetaka kuitumia hana budi kupata kwanza idhini ya mwenye haki za matangazo, na kamera iwe imeshafungwa gari linapokaguliwa, ikiwa na kibandiko cha idhini. Mashindano ya humu nchini husimamiwa na Shirikisho la Mbio za Magari Kenya, KMSF, na ni busara kumwonyesha mkaguzi kibanio chako hata kama hakukiulizia.

Mikondo mingine hupita ndani au kando ya maeneo ya wanyamapori. Hell's Gate ni mbuga ya taifa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, nayo Soysambu ni hifadhi ya kibinafsi. Kuruhusiwa kushindana humo si ruhusa ya kurudi siku nyingine na kamera bila kuomba.

Somo lililo katika picha

Faida kubwa ya kamera si kujionyesha kwa marafiki. Kabla ya mashindano, dereva na mwelekezi huruhusiwa kupita kila mkondo mara mbili kwa mwendo wa pole wakiandika maelezo ya njia. Wengi hurekodi safari hizo, na usiku huketi kuyasahihisha maelezo kwa kutazama picha. Jiwe lililofichwa na nyasi au kona inayobana mwishoni huonekana vyema zaidi mtu akiwa ametulia.

Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika mwaka 2021. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliianza siku ya mwisho akiongoza, lakini shokomzoba ya nyuma ya gari lake ikavunjika katika mkondo wa Loldia, naye Sébastien Ogier wa Ufaransa akatwaa ushindi. Katika Safari, kasi huamua machache kuliko uangalifu. Dereva chipukizi anayetazama picha zake azitazame akijiuliza ni wapi alilipiga gari bila sababu, si wapi alikwenda mbio zaidi.

Njia bora ni kutazama mambo matatu kwa mpangilio: mikono, kisha breki, kisha njia. Mikono inayohangaika kwenye usukani huonyesha kuwa dereva aliingia kona kwa kasi asiyoimudu. Breki inayoguswa katikati ya kona huonyesha kuwa maelezo hayakusomwa mapema au hayakuaminiwa.

Barabara kuu si uwanja

Kuna onyo lisiloweza kuachwa. Barabara kuu kutoka Nairobi kupitia Naivasha na Nakuru hadi Mau Summit imemeza maisha ya watu wengi. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori ziligongana Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafariki. Anayefunga kamera garini ili arekodi kasi yake katika barabara hiyo anahatarisha abiria wa matatu, wachuuzi na watoto wa shule ambao hawakukubali kushiriki mashindano yoyote. Picha yake yaweza pia kuwa ushahidi dhidi yake mahakamani.

Mwenye hamu ya kujipima ana njia iliyo wazi, nayo ni kujiunga na klabu iliyo chini ya KMSF. Huko njia hufungwa, gari hukaguliwa, na watoaji huduma ya kwanza huwa karibu. Kamera iliyokazwa vyema ndani ya gari kama hilo itampa dereva picha za kumfunza msimu mzima.