Santuri kama hati: mchango wa wakusanyaji katika historia ya jazi (1917–1958)

0. Utangulizi

Historia ya muziki wa jazi ina jambo moja lisilo la kawaida: kwa sehemu kubwa, waliotangulia kuiandika hawakuwa wanahistoria. Walikuwa mawakili, wanafunzi, makarani na wenye maduka waliokusanya santuri kuukuu, wakazilinganisha na kubishana juu yake kwa mdomo na kwa barua. Vyuo vikuu vilikuja baadaye, vikakuta kazi kubwa imekwisha kufanywa.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, mabishano ya wakusanyaji ndiyo yaliyoigeuza santuri kutoka bidhaa ya dukani ikawa hati ya kihistoria. Pili, njia hiyohiyo iliacha mapengo, kwani mwanamuziki aliyekosa santuri alielekea kukosa pia nafasi katika historia. Suala hili halitakuwa geni kwa msomaji wa Lubumbashi, kama tutakavyoona katika sehemu ya mwisho.

1. Bidhaa isiyokusudiwa kudumu

Santuri ya kwanza ya jazi ilirekodiwa mjini New York na kampuni ya Victor, tarehe 26 Februari 1917. Wapigaji walikuwa Original Dixieland Jass Band, kundi la Wazungu kutoka New Orleans, ingawa muziki wenyewe ulikuwa umekulia hasa mikononi mwa watu weusi wa mji huo. Wanamuziki weusi walingoja. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1920, Mamie Smith aliporekodi «Crazy Blues» kwa kampuni ya OKeh na santuri hiyo ikauzwa kwa wingi. Hapo kampuni zikatambua kwamba watu weusi nao ni wanunuzi, zikaanzisha orodha za pekee kwa ajili yao.

Tukumbuke kampuni hizo zilikuwa za namna gani. Paramount ilikuwa mali ya kiwanda cha viti cha jimbo la Wisconsin. Gennett ilikuwa ya kiwanda cha piano mjini Richmond, Indiana. Kwa wenye viwanda hao, santuri ilikuwa biashara ya pembeni. Ilifanyizwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu unaotoka hasa India, uliochanganywa na unga wa mawe. Ilivunjika upesi, sindano ya chuma iliila kila ilipochezwa, na upande mmoja ulichukua takriban dakika 3 tu. Lebo ilitaja bendi au kiongozi wake; haikuorodhesha wapigaji. Ndivyo ilivyokuwa kwa santuri ambazo bendi ya King Oliver ilirekodi kwa Gennett mwaka 1923, ingawa mmoja wa wapiga korneti alikuwa kijana aitwaye Louis Armstrong.

Kisha ulikuja mdororo wa uchumi. Mauzo ya santuri nchini Marekani, yaliyokuwa yapata milioni 100 mwaka 1927, yalishuka hadi yapata milioni 6 mwaka 1932. Paramount iliacha kurekodi mwaka huohuo. Muongo mmoja baadaye, vita viliifanya shelaki iwe adimu, na wananchi wakahimizwa kurudisha santuri za zamani ili zisagwe na kufanyizwa mpya. Hivyo si ajabu kwamba nyingine zimebaki chache mno. «Zulus Ball» ya King Oliver, iliyorekodiwa mwaka 1923, inajulikana kwa nakala moja tu.

2. Kutoka upendeleo hadi uhakiki

Juhudi za kwanza za kuijadili jazi kwa makini zilionekana Ulaya. Mjini Brussels, jarida «Music» lilianza kutoka mwaka 1924. Mwaka 1932 Robert Goffin, wakili na mshairi wa Ubelgiji, alichapisha «Aux frontières du jazz», na mwaka huohuo Hot Club de France ilianzishwa. Hugues Panassié alifuata na «Le Jazz Hot» mwaka 1934. Mjini New York, wapenzi walikutana katika duka la Milt Gabler, Commodore Music Shop, lililokuwa barabara ya 42. Mwaka 1938 duka hilo lilianzisha lebo yake, na mwaka uliofuata ndilo lililorekodi «Strange Fruit» ya Billie Holiday, wimbo juu ya mauaji ya watu weusi ambao kampuni kubwa ya mwimbaji huyo ilikuwa imeukataa.

Katika vikao vya namna hii, santuri ilichezwa na waliohudhuria wakajiuliza: ni nani anayepiga klarineti hapa? Swali lilionekana dogo, lakini ndilo lililozaa utafiti. Kusema «naipenda» au «siipendi» hakukutosha tena. Mtu alidaiwa sababu. Ushahidi ulikuwa wa aina tatu. Wa kwanza ni sikio, yaani kutambua mtindo wa mpigaji kwa kumlinganisha na santuri nyingine ambazo ni zake bila shaka. Wa pili ni kauli ya wanamuziki wenyewe, kwani wengi walikuwa bado hai. Wa tatu ni namba ya matrisi, iliyochorwa kwenye santuri karibu na lebo.

Namba hii inastahili maelezo. Kampuni ilipanga kila wimbo uliorekodiwa kwa namba inayofuatana, na mara nyingi ikaongeza alama ya kuonyesha ni jaribio la ngapi. Basi santuri mbili zenye lebo tofauti, hata zenye majina tofauti ya bendi, zikiwa na matrisi moja na jaribio moja, ni upigaji uleule mmoja uliouzwa mara mbili. Kinyume chake, santuri mbili zenye jina moja na lebo moja zaweza kuwa majaribio mawili tofauti. Namba zinazofuatana husaidia kukisia siku ya kurekodi na waliokuwapo. Msomaji aliyezoea kulinganisha miswada ya tenzi zetu ataitambua kazi hii: ni uhakiki wa nakala, isipokuwa hapa nakala inasikilizwa.

Tunda kuu la kazi hiyo lilitoka mwaka 1936, Charles Delaunay alipochapisha «Hot Discography». Badala ya kufuata orodha za kampuni, Delaunay alizipanga santuri kwa kufuata wanamuziki, akataja wapigaji wa kila kipindi cha kurekodi kadiri walivyojulikana. Matoleo yaliyofuata yalisahihishwa na kuongezwa. Nako New York, Gabler alizitoa upya santuri za zamani kuanzia mwaka 1935, akichapa kwenye lebo majina ya wapigaji. Hapo mpiga ngoma au mpiga tromboni, ambaye kiwanda hakikuona haja ya kumtaja, alirudishiwa jina lake.

3. Mipaka ya ushahidi

Hata hivyo, mkusanyaji huhifadhi kile tu kilichorekodiwa. Buddy Bolden, mpiga korneti ambaye wazee wengi wa New Orleans walimtaja kama aliyewatangulia wote, aliacha kupiga mwaka 1906, miaka 11 kabla ya santuri ya kwanza ya jazi. Hakuna sauti yake iliyosalia. Kinyume chake, bendi ya 1917 imewekwa mwanzoni mwa historia nyingi kwa kuwa tu ndiyo iliyotangulia kuingia studio.

Mkasa wa Bunk Johnson unaonyesha hatari nyingine. Wakati wa kuandaa kitabu «Jazzmen», kilichotoka mwaka 1939, mkusanyaji William Russell alisikia habari za mpiga tarumbeta huyu mkongwe, akampata kwa barua akiwa New Iberia, Louisiana, bila tarumbeta wala meno. Wapenzi wa jazi walichanga, akapata vyote viwili, na mwaka 1942 akarekodiwa. Hilo lilikuwa jema. Lakini Johnson alidai kwamba alizaliwa mwaka 1879 na kwamba alipiga pamoja na Bolden. Watafiti wengi wa baadaye wanaona kwamba alizaliwa yapata miaka 10 baada ya hapo. Wakusanyaji walioihakiki kila namba ya matrisi walipokea kauli ya mzee bila kuihakiki, kwa sababu iliwapa walichokitamani: mtu aliyeuona mwanzo.

Tamaa hiyo ya asili safi iliwagawa pia. Ulipotokea mtindo mpya wa bibop, wengi waliukataa wakidai kwamba si jazi, na mwaka 1947 Panassié na Delaunay wenyewe walitengana kwa ajili hiyo. Isitoshe, chama cha wanamuziki wa Marekani kilikuwa kimegoma kurekodi tangu Agosti 1942, na kampuni kubwa mbili hazikuafikiana nacho hadi Novemba 1944. Kwa hiyo mwanzo wa bibop wenyewe una santuri chache.

Pengo la mwisho linahusu wenye santuri wa kwanza. Wakusanyaji, wengi wao Wazungu, walipita mlango kwa mlango katika mitaa ya watu weusi wakinunua santuri kwa senti chache. Waliandika namba za santuri. Ni nadra walipomwuliza mama aliyewauzia ni kwa nini aliitunza kwa miaka 20.

4. Kurudi kwenye simulizi, na upande wetu

Mwaka 1958 Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, kilianzisha hifadhi ya jazi, na msimamizi wake wa kwanza akawa William Russell. Kazi kuu ya mwanzo ilikuwa kuwahoji wanamuziki wazee na kuwarekodi kwenye kanda. Mkusanyaji wa santuri aliishia kukusanya simulizi, miaka 3 kabla ya Jan Vansina kuchapisha «De la tradition orale», kitabu kinachotuhimiza kuihakiki simulizi kama hati nyingine yoyote.

Kwetu, neno «jazz» lilitangulia mbele ya muziki wenyewe. Armstrong alipofika Elisabethville Novemba 1960, African Jazz ilikuwa na miaka 7 na OK Jazz miaka 4, na Tanganyika nayo ilikuwa na bendi za «jazz» zake. Katika majina hayo, neno lilimaanisha bendi ya dansi ya kisasa. Kinachofanana kweli na kisa tulichosimulia ni hali ya santuri zetu. Ngoma ilianza kurekodi Léopoldville mwaka 1948, Loningisa mwaka 1950. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, leo Likasi. Miongo kadhaa baadaye, mpiga gitaa John Low alikuja Shaba kuwatafuta magwiji aliowajua kwa santuri, akachapisha «Shaba Diary» mwaka 1982.

Kwa mwanaisimu, nyimbo za miaka ya 1950 ni hati za Kiswahili cha Katanga kama kilivyotamkwa wakati ule, kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Wanaoweza kutueleza maana ya msemo fulani, au ni nani aliyepiga gitaa la pili, wanapungua kila mwaka.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba santuri haikuwa hati tangu mwanzo; iliundwa kuwa hati na watu waliodaiana sababu. Tumeona pia kwamba sikio na namba havitoshi pasipo simulizi, na simulizi haitoshi pasipo uhakiki. Kazi inayotungoja si kununua santuri adimu kwa bei kubwa. Ni kuorodhesha zile zilizomo bado majumbani mwa Kenya, Kamalondo na Katuba, kunakili namba na majina yake, na kuzicheza mbele ya wazee wawili au watatu pamoja, ili mmoja akikosea mwingine amsahihishe.