Chai ya rangi imetoka wapi mpaka kufika kambini

Leo tuongee juu ya chai ya rangi, ile ya tangawizi na iliki inayonywewa jioni kama kuni zimepatikana. Kila mmoja hapa kambini anasema ni ya kwao. Sawa, lakini hebu tuifuate nyuma kidogo.

Anza na jina. Wakongo tunasema chai, Warundi icayi, Wanyarwanda icyayi, Wasomali shaah, ndugu wa Sudan shai. Yote yametoka kwenye neno moja la Kichina, cha, lililopita Uajemi pamoja na wafanyabiashara.

Viungo navyo ni wageni. Iliki ilitoka kusini mwa India, mdalasini Sri Lanka, karafuu visiwa vya Maluku kule Indonesia. Karafuu ilipofika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1800, waliolazimishwa kuilima ni watumwa, wengi wao wametekwa huku bara, hadi upande wa Ziwa Nyasa na Kongo ya mashariki.

Sasa majani yenyewe. Hapa Kenya mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903. Miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakafungua mashamba makubwa Kericho. Ile ardhi ilikuwa na wenyewe, Wakipsigis na Watalai, na familia nyingi zilifukuzwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga hata sheria ya kuwaondoa Watalai. Walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye malaria na mbung'o. Mwafrika aliruhusiwa kuchuma chai ya mzungu, lakini kupanda yake alizuiwa. Wakulima wadogo walianza kupata nafasi miaka ya 1950, na shirika lao, KTDA, likaundwa 1964.

Kwa hiyo hicho kikombe kinachotutuliza kimepita kwenye mikono ya watu waliofukuzwa kwao kama sisi. Siandiki hivi ili chai iwe chungu mdomoni. Nataka tu tujue kwamba historia ya kuhamishwa haikuanza na sisi, na wenyeji tunaoishi nao jirani wanayo ya kwao. Siku mnakunywa pamoja, waulizeni wazee wao. Mtapata la kuongea.

Na nyinyi wa mashirika: mkiingia nyumba ya mtu na mama akaleta chai kabla hamjafungua fomu, pokeeni. Sukari ile imenunuliwa kwa shida. Kwetu mgeni hunywa kwanza, maswali baadaye. Ukikataa kwa sababu una haraka, yeye anaelewa kwamba umemkataa yeye.

Haya, tuandikieni: nyumbani kwenu chai inatiwa nini, na nani alimfundisha mama yako? Kama bibi yupo, muulize leo.