Waliokimbia Kakuma na mwanamke aliyewaandalia njia

Mbio za wakimbizi wa Kakuma zilijulikana duniani usiku wa Agosti 5, 2016, Rose Nathike Lokonyen alipoingia uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro akiwa amebeba bendera ya Olimpiki. Nyuma yake walikuwa wenzake wa timu ya watu 10 wasio na nchi ya kuwakilisha. Watano kati ya 10 hao, Rose mwenyewe akiwamo, walikuwa vijana wa Sudan Kusini waliotoka katika kambi moja ya Turkana, Kenya. Agosti 2026 inatimia miaka 10 tangu usiku ule, na kumbukumbu yake haikamiliki bila kumtaja kiongozi wa msafara wao, Tegla Loroupe, ambaye kazi yake kubwa ilifanyika mahali ambapo kamera hazikufika.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Iko kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, kando ya mto Tarach, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Watoto walicheza mpira tangu mwanzo. Riadha ilikuwa ya shuleni, na aliyekimbia alikimbia asubuhi na mapema, kwa kuwa jua likishapanda hapakimbiliki.

Loroupe si mtu wa Turkana. Ni Mpokot, aliyezaliwa mwaka 1973 upande wa Pokot Magharibi, na kati ya Wapokot na Waturkana kuna historia ndefu ya wizi wa mifugo na damu. Anayesafiri kutoka Kapenguria kwenda Lodwar hupita Kainuk, mpakani, mahali ambapo madereva wengi wamezoea kupita wakisindikizwa na polisi. Mwaka 1994 alishinda mbio za marathoni za New York, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo, na mwaka 1998 akaweka rekodi ya dunia huko Rotterdam. Angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu.

Badala yake, mwaka 2003 alianzisha taasisi ya amani yenye jina lake, akaanza kuwaita wapiganaji wa makabila hasimu wakimbie pamoja. Novemba 2006, wapiganaji 2,000 wa makabila sita walishindana mbio za kilomita 10 mjini Kapenguria. Wanaosimulia habari za Rio mara nyingi huiruka hatua hii, na hapo hukosea. Mpokot aliyekwisha kuwasimamisha Mpokot na Mturkana kwenye mstari mmoja wa kuanzia mbio hakuwa mgeni wa kazi alipofika Kakuma, kambi ambamo nayo watu waliokimbia vita vya pande zinazopigana huishi jirani kwa jirani.

Mchujo wa wakimbiaji ulifanyika kambini mwaka 2015. Wengi walikimbia pekupeku, na waliokuwa na viatu, vingi vilikuwa vimechakaa au havikuwaenea. Kiatu kilikuwa jambo kubwa kuliko kilivyoonekana: James Nyang Chiengjiek alikuwa amejifunza kukimbia kwa viatu visivyo vya saizi yake, akajiumiza mara kwa mara. Rose alikuwa amekimbia kilomita 10 kwa mara ya kwanza kwa kuhimizwa na mwalimu wake, bila mazoezi yoyote, akamaliza wa pili. Mwalimu yule naye ni wa kundi la watu ambao historia ya michezo huwasahau.

Kupata washindi haikuwa mwisho wa kazi. Mkimbizi nchini Kenya hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo kabla ya mazoezi yalikuwapo makaratasi. Kisha vijana wakapelekwa Ngong, karibu na Nairobi, kwenye baridi ambayo wa Kakuma hakuizoea. Huko walihitaji malazi, chakula cha mwanariadha badala ya mgao wa kambi, makocha, na mtu wa kumsikiliza kijana ambaye hajawaona wazazi wake kwa miaka mingi. Ndiyo huduma ambayo haina medali, na bila hiyo Rose angebaki mshindi wa pili wa mbio za shule.

Juni 3, 2016 majina yalitangazwa. Pamoja na Rose na James walikuwamo Yiech Pur Biel, Paulo Amotun Lokoro na Anjelina Nadai Lohalith. Huko Rio timu iliingia uwanjani ikifuatiwa na wenyeji Brazil tu, na watazamaji wakainuka kuishangilia. Kwenye mbio zenyewe hakuna hata mmoja wa watano aliyevuka mchujo wa kwanza. Rose alikimbia mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 16.64. Kwa mtu aliyeanza mazoezi ya kweli mwaka mmoja tu kabla, muda huo ni wa kuheshimiwa.

Safari iliyofuata ilikuwa na mabonde yake. Mwaka 2019 Dominic Lobalu, mmoja wa wakimbiaji wa Ngong, aliiacha timu ilipokuwa Geneva, akabaki Uswisi. Miaka mitano baadaye alishinda mita 10,000 katika mashindano ya Ulaya. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Loroupe aliongoza tena msafara, na wanne kati ya watano wa Rio walikuwamo. Biel alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2022. Paris 2024 timu ya wakimbizi ilikuwa na watu 37, na katika mita 800 za wanawake, mbio zile zile za Rose, alikimbia msichana mwingine aliyetoka Kakuma, Perina Lokure Nakang.