Viatu vyenye Matundu Matatu

Jozi ya viatu ninayotaka kuieleza niliinunua mnadani Karatu mwaka 1996, kutoka kwenye fungu la mitumba lililomwagwa juu ya turubai. Vilikuwa buti za ngozi nene ya kahawia, nzito, zenye shingo iliyopanda hadi juu ya kifundo cha mguu. Kasoro ilikuwa moja. Mbele ya vidole soli ilijitokeza nje kama mdomo wa bata, ikiwa imekatwa mraba, na ukiigeuza uliona chini yake matundu matatu yaliyozungushiwa chuma. Muuzaji alisema ni viatu vya jeshi. Mtu mwingine, ambaye hakuulizwa, alisema ni vya wachimba madini, na matundu ni ya kutolea maji. Mimi nilipunguziwa bei kwa sababu ya mdomo ule, nikaondoka nikijiona mjanja.

Nilitaka shingo ile ya kiatu. Nikiwa kijana nilianguka na mzigo wa kuni nikategua kifundo cha mguu wa kulia, kikakandwa, kikafungwa, kikapona nusu. Tangu hapo, jiwe dogo tu likitokea mahali nisipolitegemea, mguu ulijikunja ndani kama bawaba iliyolegea. Na kwetu Kansay mtu mwenye kifundo kibovu hana njia ya mkato: ama unapanda ama unashuka, na mvua ikinyesha udongo hunata chini ya soli mpaka unatembea juu ya visigino visivyo vyako.

Wazee wetu walitembea nchi hii kwa miguu mitupu au kwa ndala za ngozi ya ng'ombe, na sikuwahi kumsikia babu yangu akilalamikia kifundo. Baadaye magari yalipozidi yakaja na matairi, na matairi yalipochakaa yakawa katambuga. Sijui kama kuna kiatu kilichoitumikia Tanzania kwa uaminifu zaidi. Mwiba haupiti, maji hayakiozeshi, na kikikatika gidamu unapigilia msumari. Lakini katambuga hakishiki mguu. Kinaukinga unyayo na kuacha kila kilicho juu yake kijitegemee. Kwa mguu uliokua ukitembea peku, wenye misuli iliyofundishwa na mawe tangu utotoni, hiyo si kasoro. Kwa mguu ulioteguka, ni kasoro kubwa.

Wakati wa ukoloni kiatu kilikuwa cheo. Askari wa Kiafrika wa King's African Rifles waliandamana kwa miaka mingi bila buti, wakati ofisa wao wa Kizungu alikuwa nazo. Katika Vita Kuu ya Pili walipopelekwa Burma wengi walirudi na buti, na nyumbani buti hizo zilivaliwa kanisani mpaka zikapasuka. Baada ya uhuru tulitaka viatu vyetu wenyewe. Msomaji wa rika langu hatakosa kukumbuka kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambacho kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ziuzwe Ulaya. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na kufikia 1990 kilikuwa kimefungwa. Badala ya viatu vyetu kwenda Ulaya, viatu vya Ulaya vikaja kwetu vikiwa vimeshavaliwa. Ndivyo na hivi vyangu vilivyofika mnadani.

Nilivivaa katika kazi ya vibarua, kubebea wageni mizigo katika nyanda za juu za Ngorongoro, upande wa Olmoti na Empakaai. Lazima niseme ukweli kuhusu viatu hivyo. Vilikuwa vibaya na vizuri kwa wakati mmoja. Mdomo wa bata ulinasa kila mzizi, na katika kushuka ndani ya kreta ya Empakaai nilijikwaa mara nyingi kuliko wenzangu wote wenye katambuga. Lakini kifundo hakikuteguka hata mara moja. Nilikaza kamba mpaka juu, shingo ya ngozi ikakishika kama mkono wa mama unavyomshika mtoto anayejifunza kusimama. Nilimpelekea fundi viatu nikamwomba aukate ule mdomo. Aliugeuza, akautazama, akanirudishia. Alisema ukikatwa soli yote itafumuka, na kwamba aliyeuweka alikuwa na sababu yake, ingawa yeye haijui.

Mwezi Februari 1998 tulisikia redioni habari za Philip Boit, Mkenya, mkimbiaji wa mita 800 kutoka nchi ya Eldoret, ambaye alikwenda Nagano, Japani, kushindana katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu, yaani skii. Theluji aliiona mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Finland kujifunza. Katika mbio za kilometa 10, tarehe 12 Februari, alifika wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie hakwenda kupokea medali kwanza. Alimsubiri Boit kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Kwetu habari hii ilipokelewa kwa kicheko na kwa fahari pamoja, kwani watu wa Mbulu na Karatu wanajua jambo la kufika wa mwisho: John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alimaliza mbio za marathoni za Mexico 1968 goti likiwa limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Nilicheka na wengine. Viatu vyenye matundu matatu vilikuwa mlangoni, vimejaa tope.

Mwaka uliofuata mdogo wangu aliamua kwenda Moshi kutafuta upagazi Kilimanjaro, ambako malipo yalisemekana kuwa bora. Jioni moja kabla ya safari alikuja akakaa, akauliza habari za ng'ombe, akauliza habari za mahindi, kisha akasema, "Kaka, niazime vile viatu vyako vya bata."

Nikamwambia havitamfaa. Mguu wangu unazidi wake namba moja, nikasema, vitampa malengelenge. Hilo lilikuwa kweli na lilikuwa uongo, kwa sababu soksi mbili zingemaliza tatizo, na wote wawili tulijua. Nilikuwa nahofia kifundo changu na kibarua changu. Alisema, "Sawa, kaka," akaenda na raba za turubai.

Alirudi baada ya miezi minne. Katika kambi moja ya juu theluji ilianguka mchana ikayeyuka ndani ya raba zake, na usiku ikaganda. Kiongozi wa safari ile alimwambia asogee karibu na jiko. Hospitalini waliondoa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alinieleza kama mtu anayeeleza safari ya basi, na kuhusu viatu hakutaja neno, wala mimi sikutaja.

Mwaka 2004 alitutembelea mzee mmoja wa Norway. Hospitali ya Haydom, kusini yetu katika nchi ya Mbulu, ilianzishwa na wamisionari wa Kinorway mwaka 1955, na tangu hapo watu wa huko hawajaacha kuja kusalimia marafiki. Alivua viatu mlangoni kwa adabu, akainama, na hakuinuka. Alikuwa ameshika kiatu changu kimoja akicheka peke yake. Akaniuliza nilikitoa wapi. Kisha akaomba kijiti akachora chini.

Hiki, alisema, ni kiatu cha safari za skii. Si cha mashindano, ni cha kuvuka milima na misitu isiyo na njia, mzigo mgongoni. Kwenye ubao wa skii kuna sahani ya chuma yenye meno matatu yanayosimama. Meno huingia katika matundu matatu, na chuma kilichopinda hushuka juu ya mdomo wa bata kuubana. Aliyekibuni ni Mnorway, Bror With, mwaka 1927, na jina lake ni Rottefella, maana yake mtego wa panya. Mguu hushikwa mbele tu, kisigino hubaki huru kuinuka, ndipo mtu aweze kutembea na kupanda, si kuteremka pekee.

Hapo nilielewa shingo ile ilikuwa ya nini. Ikiwa kisigino hakijafungwa popote, kitu gani humsaidia mtu kuongoza ubao ulio mrefu kuliko yeye, wakati wa kushuka mlima, katika theluji isiyokanyagwa? Ni kiatu chenyewe. Soli lazima ipinde kwenye vidole, lakini isijisokote. Mzee alinionyesha: ukishika ncha na kisigino, ukijaribu kukikamua kiatu kama nguo iliyofuliwa, kikikubali kirudishe dukani. Shingo lazima ikishike kifundo kisiangukie pembeni, ila imruhusu mtu kuinamisha goti mbele. Kisigino kisicheze ndani. Vidole viwe na nafasi, kwani vikigusa mbele katika kushuka vitaumia, na vikibanwa damu haifiki na baridi huvimaliza. Kijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi ya siku, na soksi utakazosafiri nazo. Anayekimbia kwenye njia iliyosawazishwa, kama Boit kule Nagano, anahitaji kiatu chepesi na laini. Anayekwenda nyikani na mzigo anahitaji hiki.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata juu ya jambo hili, na nimeona kwamba historia ya milima ni historia ya viatu zaidi ya inavyokiri. Huko Telemark, karne ya 19, Sondre Norheim, mtu maskini, alisuka mizizi na vijiti ili kukifunga kiatu hata nyuma ya kisigino, na mwaka 1868 akawashangaza watu wa mji mkuu kwa jinsi alivyoruka na kupinda. Fridtjof Nansen alivuka Greenland kwa skii mwaka 1888. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, wakichonga ngazi katika barafu kwa shoka. Vitabu huwataja hao wawili. Aliyekaa kambi ya juu akiwangoja, Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani aliyezaliwa kwenye joto, hutajwa kwa sentensi chache. Ningependa sana kujua alivaa nini miguuni.

Zamani hizo buti za mlimani zilipigiliwa misumari chini ili zishike barafu, na misumari ile ile ilipitisha baridi mpaka kwenye unyayo. Mwaka 1935 wapandaji sita walikufa katika milima ya Alpi, na mwenzao Vitale Bramani, Mwitalia, akaamini kwamba viatu vyao vilichangia. Akatafuta soli ya mpira yenye meno, na mwaka 1937 akaitoa kwa msaada wa Pirelli, watengenezaji wa matairi. Niliposoma hapo nilicheka kwa sauti. Buti bora za mlimani na katambuga za mnadani ni watoto wa baba mmoja! Tofauti ni kwamba Bramani alianza na maiti sita, na fundi wetu alianza na tairi lililochakaa.

Moshi tangu 2003 pana mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao huwaazima buti na nguo za baridi bila malipo. Mdogo wangu aliposikia alisema ni vizuri, kisha akaendelea kukamua.

Lakini nimeruka jambo. Mzee wa Norway alipokuwa akichora pale chini, mdogo wangu alikuwepo, amesimama nyuma yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Mzee alipomaliza kueleza kwamba ngozi ile hupakwa mafuta ili theluji isipenye, na kwamba mtu anaweza kulala mlimani katika viatu kama hivi na vidole vyake vikabaki vizima, mdogo wangu aliuliza swali moja tu, kwa heshima, akimwangalia mzee na si mimi: "Ukivaa soksi mbili, mzee, ni sawa?" Mzee akajibu ni sawa kabisa, hata yeye huvaa mbili.

Usiku ule nilivisafisha, nikavipaka mafuta ya ng'ombe, asubuhi nikavipeleka kwake. Nilitaka kusema jambo, nikashindwa, nikasema kamba ya kulia inaelekea kukatika. Akavipokea kwa mikono miwili. Tangu hapo huvivaa masika akienda shambani, cha kushoto akikijaza kitambaa mbele, na mahali alipopita huonekana katika tope, mraba mbele, matundu matatu. Mimi nina fimbo.